Hilux 5L: klachi inazama yenyewe, fundi anataka kushusha giaboksi

Karoti_za_Soni:
Wakuu, heshima kwenu. Nina Hilux ya injini ya 5L, gia za mkono. Nabeba karoti na kabichi kutoka Lushoto kushuka Mombo, siku nyingine nafika mpaka Tanga mjini. Hii ni wiki ya pili klachi inanitesa, naomba msaada kabla sijatoa hela.

Asubuhi gari likiwa halijapata moto gia zinaingia vizuri. Nikifika Soni nikasimama kupisha basi, mguu nimeukandamiza kwenye klachi na gia ya kwanza imo, gari linaanza kujivuta polepole. Nikipampu mara mbili tatu linatulia, halafu linaanza tena.

Juzi nashuka na mzigo, nataka kutoka gia ya tatu kwenda ya pili. Pedeli ikaenda mpaka kwenye kapeti, laini kama nimekanyaga mto wa sufi. Gia ikalia, haikuingia. Nikabaki na breki peke yake, na wanaoijua ile barabara wanajua upande wa pili wa kona kuna nini. Nilipofanikiwa kusimama nilikaa kwenye usukani dakika kumi nzima, mikono inatetemeka.

Fundi niliyempelekea alikanyaga pedeli mara moja, hata boneti hakufungua, akasema klachi pleti imekwisha, nilete laki nne na nusu za vifaa na ufundi. Lakini pleti niliweka mwaka jana, na nikipanda na mzigo gari linavuta vizuri tu. Kikopo cha mafuta ya klachi nimekijaza mara mbili ndani ya wiki, na chini ya gari sioni tone. Yanaenda wapi?

Fundi_Spana14:
Kaka, pole sana, na usishushe giaboksi. Swali lako la mwisho ndilo jibu: mafuta yakipungua kuna mahali yanatoka, na klachi pleti hainywi mafuta.

Tofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku. Klachi inayoteleza, injini inavuma na gari haliendi: hapo ni pleti, presha pleti, au mafuta yamemwagikia ndani. Klachi isiyoachia, gia zinalia na gari linajivuta huku umekanyaga: hapo anza na mfumo wa mafuta. Wewe uko kwenye la pili, na kupampu kunakusaidia, dalili kubwa kwamba kuna upepo ndani au raba zimechoka. Ingekuwa pedeli ni ngumu, imejaa vizuri, na gia bado zinalia, ningekuambia tutazame uma na beringi za kuachia klachi, ndani kule kwenye giaboksi.

Fanya haya leo. Gari kwenye usawa, weka mawe kwenye matairi. Inua kapeti chini ya pedeli ya klachi, upapase ukuta pale ufito wa pedeli unapoingilia. Pakiwa na utelezi, masta ya juu, yaani silinda inayosukumwa na pedeli, inavujia ndani ya gari, ndiyo maana chini huoni tone. Kisha ingia uvunguni, tafuta silinda ndogo ubavuni mwa giaboksi, wengine tunaiita sleva. Ina kofia ya raba mbele. Ivute pembeni kwa kidole. Kofia ile inaweza kuhifadhi mafuta mengi tu bila kudondosha, na yakidondoka kidogo vumbi la njia zenu linayanyonya.

La mwisho: injini imezimwa, mtu mmoja akanyage pedeli mpaka chini na kuishikilia, wewe tazama ufito wa ile silinda ya chini. Kwenye Hilux nilizozishika unasukuma sentimita moja na kitu. Ukienda milimita tano, klachi haiwezi kuachia. Ukienda vizuri halafu ukarudi taratibu huku mguu bado uko chini na silinda ya chini ni kavu, masta inapitisha mafuta kwa ndani.

Mzee_wa_Canter:
Mimi iliwahi kunikuta porini, nikajaza haidroliki ya giaboksi otomatiki nikafika nyumbani. Jaza hiyo, endelea na kazi, utatengeneza mavuno yakiisha.

Fundi_Spana14:
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapa nakataa, tena huyu anashuka mlima na mzigo. Raba za mfumo huu zimetengenezwa kwa mafuta ya breki tu, DOT 3 au DOT 4. Zikikutana na oili ya injini, ya giaboksi au ya usukani, zinavimba, zinakuwa laini kama ubani uliotafunwa, na baada ya hapo hata ukirudisha mafuta sahihi hazirudi. Nimefungua masta ya namna hiyo, raba imekataa kutoka mpaka nimeivuta vipande vipande. Ikifikia hapo unanunua masta, sleva na mpira wa mafuta unaoziunganisha, vyote. Chupa ya DOT 3 ibebwe chini ya kiti, ni bei ndogo.

Karoti_za_Soni:
Nimerudi, wakuu. Chini ya kapeti pakavu. Nimeingia uvunguni, nikavuta ile kofia ya raba: yakamwagika mafuta meusi kama chai ya rangi iliyolala, yana chembechembe kama unga wa mkaa. Mpwa wangu alikanyaga, ufito ukasogea kidogo sana, haukufika hata upana wa kucha ya kidole kidogo.

Nikaifungua silinda. Kwa ndani, pale pistoni inapotembea, kuna vishimo vya kutu upande wa chini, ukipitisha kucha inakwama. Niweke raba mpya tu au ninunue silinda nzima?

Bi_Gereji:
Kama kucha inakwama, raba mpya itakatwa na vile vishimo na utarudi hapa baada ya wiki chache. Nunua nzima. Vile vishimo vimeletwa na maji: mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewani, na unyevu huo unaleta kutu ndani ya silinda. Raba pekee naziweka pale ukuta wa ndani unapong'aa bila mkwaruzo. Na kama masta ina umri uleule, ibadilishe pamoja. Sleva mpya inaipa masta mzigo ambao ilikuwa imezoea kuukwepa, na mara nyingi inafuata.

Kwenye kutoa upepo, usipampu kwa fujo. Fungua nati ya kutolea upepo kwenye sleva, kaa nayo mpaka mafuta yadondoke yenyewe, kikopo juu kisikauke. Kisha mwenzako akanyage, wewe ufungue, ufunge, ndipo aachie. Pedeli ikikataa kujaa, funga nati, ifungue sleva kwenye giaboksi, iinamishe ili mdomo wa mpira uwe juu, usukume pistoni ndani polepole kwa mkono. Utaona vipovu kwenye kikopo. Mafuta yakimwagikia rangi ya gari, mwagia maji hapohapo, yanakula rangi.

Karoti_za_Soni:
Bi Gereji, Mungu akubariki. Nimebadilisha zote mbili. Tulikanyaga na kufungua karibu saa nzima, pedeli ikabaki nusu. Nikaifungua sleva nikasukuma kama ulivyosema, vipovu vikubwa vitatu vikapanda kwenye kikopo, halafu vidogo vingi. Nilipofunga na kukanyaga, pedeli ikasimama chini ya mguu. Soni nimesimama na gia ya kwanza, nikahesabu mpaka mia, gari halikusogea. Kitu kimoja: inaachia juu sana, na pedeli haina uwazi kabisa, ukigusa tu inasukuma.

Fundi_Spana14:
Hiyo usiiache hivyo. Ufito wa pedeli unaisukuma masta muda wote, kitundu cha kurudishia mafuta hakifunguki. Yakipata moto yanatanuka, presha inabaki ndani, na klachi itaanza kuteleza ukipanda, sasa ndipo utakapoimaliza pleti. Legeza nati ya ufito, uufupishe kidogo kidogo mpaka pedeli iwe na mchezo mdogo kabla ya kuanza kusukuma. Kaza nati.

Karoti_za_Soni:
Nimeufupisha mzunguko mmoja, mchezo umepatikana, na inaachia katikati. Saa kumi alfajiri napakia.