Naomba ushauri: nabadilisha bima kuu ya afya, ya pili inagoma kulipa

Ndugu wanachama, habari zenu. Naomba mawazo ya yeyote aliyepitia hali hii.

Nina bima mbili za afya. Ya kazini kwangu hulipa kwanza. Ya pili, ambayo naipata kama mtegemezi wa mume wangu, hulipa salio linalobaki. Sasa nahamia kwa mwajiri mwingine, na bima ya huko itaanza mwezi mmoja baada ya hii kukoma. Katikati nabaki na ya mume peke yake, na hapo ndipo ilipoangukia tarehe yangu ya upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi. Kibali nilichonacho cha kulipiwa upasuaji huo kilitolewa na bima inayokwisha.

Nimepiga simu kote. Bima ya pili inasema kumbukumbu zao bado zinaonyesha nina bima nyingine, hivyo dai litarudishwa mpaka ile ilipe au ikatae kwa maandishi. Ile ya kazini inayokwisha nayo inasema barua ya ukomo, yaani ya kuthibitisha kuwa bima imekwisha, haitoki kabla ya siku ya mwisho, na upasuaji ni siku chache tu baada ya hapo! Kuahirisha sitaki kabisa, damu ninayopoteza imenimaliza nguvu.

Je, naweza kuomba kibali kipya kwa bima ya mume sasa hivi, kwa kutumia barua ya mwajiri inayoonyesha tarehe ya kuondoka? Na bima mpya ikianza, ni nani hupeleka taarifa za kubadilisha mpangilio wa malipo, yaani bima ipi ilipe kwanza: mimi, mwajiri au hospitali?

Natanguliza shukrani.