Chuo cha ufundi magari: cha jamii au cha binafsi? Nina wiki tatu za kuamua

Spana17
Wakuu, salaam. Nina miaka 27, nipo Des Moines, Iowa, mwaka wa nne huu, green card ninayo. Kigoma nilianza kulala chini ya magari nikiwa na miaka 15. Gia boksi ya Hiace naishusha bila kuuliza mtu. Hapa nipo kwenye duka la kubadilisha oili na matairi. Gari likija na taa ya injini inawaka, bosi ananiambia hilo si lako, anapewa kijana mwenye cheti ambaye juzi alikuwa ananiuliza mimi.

Nimeamua kusoma ile shahada ya miaka miwili wanayoiita associate. Nina vyuo viwili mkononi. Kimoja ni cha jamii, dakika 25 kutoka nyumbani, kama dola 15,000 kwa miaka yote miwili, lakini ndani yake kuna hesabu na kuandika insha kwa Kiingereza. Kingine ni cha binafsi, jimbo jingine, miezi 15, dola 41,000. Nilikwenda kukiona. Karakana sakafu inang'aa utafikiri hospitali, na pale mapokezi wameegesha gari la mashindano. Jamaa wa usajili ananipigia kila siku, anasema zimebaki nafasi mbili.

Mke wangu anataka cha jamii. Mimi roho iko kule kwingine. Kweli nikaandike insha ili nifunge breki?

BiTorki
Kaka, msikilize mkeo.

Mimi ni fundi kwa dila, yaani wakala anayeuza na kutengeneza magari ya kampuni, mwaka wa tisa. Nilipokuwa natafuta chuo na mimi nilionyeshwa gari la mashindano, labda ni ndugu yake hilo lako. Nikaomba wanifungulie boneti. Halikuwa na injini. Ziara yenyewe ilikuwa Jumamosi jioni, hakuna mwanafunzi hata mmoja wa kumuuliza. Chuo nilichosoma nilikwenda Jumanne asubuhi bila miadi. Sakafu ina oili, binti mmoja kalala chini ya dashibodi anafuatilia wayaringi huku anasonya. Nikahesabu lifti, nikahesabu vichwa: wanafunzi wawili kwa kila lifti. Fanya hivyo hivyo. Wakiwa sita kwa lifti moja, wanne watakuwa watazamaji, na kwa heshima zako wewe mgeni wa lugha utakuwa mmoja wao.

La pili, uliza ithibati ya ASE, ile taasisi ya Marekani inayopima mafundi magari, na usikubali jibu la "walimu wetu wana vyeti vya ASE". Hicho ni cheti cha mwalimu. Ithibati ni ya programu nzima, nayo ina ngazi tatu: ya chini, matengenezo mepesi, saa 540, ya kati saa 840, ya juu kabisa, wanayoiita Master, saa 1,200. Mtu anayetaka kutoka kwenye oili aende kusoma taa ya injini asikae ngazi ya chini, hiyo kazi unayo tayari.

La tatu, muulize huyo jamaa wa simu: mwisho wa miezi 15 napewa shahada au diploma ya chuo chenu tu? Na krediti zangu chuo cha jamii kitazipokea? Mwambie akujibu kwa maandishi.

Hela: jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, ni bure, na mwenye green card anaruhusiwa. Ruzuku ya Pell kwa mwaka wa masomo 2025–26 inafika dola 7,395 kwa anayestahili, na hairudishwi. Piga hesabu mara mbili uone inavyokaribia 15,000. Kule kwingine nako unaweza kuipata, ila kinachobaki ni mkopo.

Sasa insha. Hii ndiyo iliyonifanya niandike leo. Kila gari ninaloshika naandika mistari mitatu: mteja kalalamika nini, nimekuta nini, nimefanya nini. Kazi ya waranti isipoeleweka kwenye maandishi, kampuni ya gari inakataa kulipa. Mwaka wangu wa kwanza nilitengeneza kompresa ya AC vizuri kabisa, nikaandika "fixed". Neno moja. Saa tatu zangu zilikwenda bure. Darasa la insha ndilo linalonilisha.

Mzee_wa_Dizeli
Mnamtisha kijana. ASE haidai shahada. Inadai ufaulu mtihani na uwe na miaka miwili ya kazi, basi. Mimi sina chuo na vyeti vyote vinane vya magari ninavyo, A1 mpaka A8. Cheti kinakufa kila miaka mitano, unarudia.

BiTorki
Mzee wangu, shikamoo. Ni kweli, na shahada yenyewe inahesabiwa mwaka mmoja kati ya hiyo miwili. Lakini wewe ulipata mtu wa kukuachia injini uiharibu. Huyu bosi wake anamwachia chujio la oili. Spana17, uliza pia kama chuo kina programu ya watengenezaji: T-TEN ya Toyota, ASEP ya GM, ASSET ya Ford. Unasoma, unakwenda kwa dila kufanya kazi ya kulipwa, unarudi darasani. Ubaya wake unakomaa na aina moja ya gari. Mimi ubaya huo niliukubali.

Spana17
Shikamoo Mzee, asante Dada. Leo nimekwenda chuo cha jamii, Jumanne asubuhi kama ulivyosema. Lifti 8, wanafunzi 15. Mwalimu akanipa multimita, akasema nitafute volti zinapotelea wapi kwenye ethi, waya wa kurudishia umeme, ya taa ya mbele. Miaka 12 ya spana, nimesimama pale kama nguzo. Kijana wa miaka 19 akanionyesha, na hakunicheka.

Jamaa wa simu nimemwuliza maswali yako. Kasema atanitumia barua pepe. Leo hajapiga.

Moja la mwisho: gari la vifaa huwa linakuja kazini, wananipa boksi la spana kwa mkopo wa kila wiki. Nianze kununua?

Mzee_wa_Dizeli
Usithubutu. Nililipia boksi langu kuliko nilivyolipia gari.

BiTorki
Hapo Mzee kasema. Subiri orodha ya chuo. Kampuni kubwa za vifaa zina punguzo kwa wanafunzi, ukishasajiliwa mwalimu atakupa fomu. Kwa sasa nunua multimita moja nzuri, ukafanye mazoezi kwenye gari la mkeo.