Maonyesho ya sarafu: sinia la mchanganyiko, moja moja, mfuko wa kilo au zilizopimwa daraja?

Mpembuzi:
Wadau, tulinganishe. Umeingia kwenye maonyesho ukiwa na bajeti ya siku moja. Mkusanyiko wako ni wa aina: kila nchi, kila muundo uliowahi kutumika, bila kufukuzia kila mwaka. Mezani kuna njia nne. Kuna sinia la mchanganyiko, kila kipande bei moja. Kuna sarafu moja moja kwenye kadi za dirisha (karatasi ngumu yenye kitundu cha plastiki angavu), zimeandikwa nchi, mwaka na namba ya katalogi. Kuna mfuko unaouzwa kwa uzito. Halafu kuna zilizofungwa kwenye kasha gumu baada ya kupimwa daraja, yaani uhalisi na hali yake, na kampuni kama PCGS au NGC.

Msimamo wangu: theluthi mbili ya bajeti iende kwenye moja moja, inayobaki kwenye sinia, na kilo iachwe kabisa. Tatizo la kilo ni marudio. Mfuko huwa umeshachujwa kabla ya kufika mezani, umebaki na vijisarafu vya miaka ya karibuni vya nchi zile zile, pamoja na tokeni za mashine za michezo. Ukishafikisha aina mia chache, karibu kila unachotoa humo unacho tayari. Kadi ya dirisha inaziba pengo unalolijua kwa jina. Anayepinga alete hoja.

Tarakimu:
Napinga, mkuu, na nitapinga kwa marefu. Sinia lina kitu ambacho kadi haina: mara nyingi muuzaji hajalisoma. Anayelipanga hutoa kwanza sarafu kubwa za madini ya fedha zinazojitangaza, kisha zenye mwaka unaosomeka. Zenye maandishi asiyoyajua anazimwaga humo zote. Kwa hiyo anayejua kusoma tarehe ana duka lake peke yake.

Kanuni zenyewe si nyingi. Mwaka wa Hijria: zidisha kwa 0.97 kisha jumlisha 622. Pesa ya shaba ya Zanzibar ya Sultan Barghash, ile yenye picha ya mizani, ina 1299, na hesabu inakupa 1882. Thailand, toa 543. Nepal, toa 57. Iran ya mwaka wa jua, jumlisha 621. Japani ya enzi ya Showa, jumlisha 1925. Ethiopia, ongeza 7 au 8, ila kumbuka kwamba sarafu zilizotoka baada ya mapinduzi ya 1974 ziliendelea kupigwa na 1969 ile ile ya kalenda ya Ethiopia kwa miaka mingi, kwa hiyo usilipe zaidi kwa sababu ya "mwaka".

Faida yake iko hapa. Yeni 100 za Showa 34 hadi 41 (1959–1966) zina fedha 60%, na nyuma yake kuna mganda wa mpunga. Kuanzia Showa 42 ni shaba-nikeli na maua ya cheri. Zote zina gramu 4.8 na upana ule ule, kwa hiyo mizani haikusaidii hata kidogo. Ni kusoma tu.

Na usipuuze zilizotobolewa katikati. Mfalme Edward VIII wa Uingereza aliacha kiti Desemba 1936 kabla sarafu zake hazijaanza kutumika Uingereza, lakini za Afrika Mashariki (senti 5 na 10), Afrika Magharibi ya Waingereza, Fiji na Guinea Mpya zilipigwa na kutumika. Hazina sura yake kwa sababu katikati kuna tundu. Kuna jina tu kwenye duara. Asiyesoma duara anaiuza kama shaba nyingine yoyote. Ukiipata, tafuta pia herufi ndogo ya kiwanda: H au KN zilipigwa Birmingham, na bila herufi ni aina nyingine tena.

Gramu28:
Nakazia kwa Tarakimu, ila sinia bila zana ni kubahatisha. Beba mizani ya mfukoni inayosoma 0.01 g, lenzi ya mkono ya 10x na sumaku ndogo yenye nguvu. Mizani uipime kwanza kwa uzani wake wa majaribio, kwa sababu betri ikichoka usomaji huyumba.

Kichwani uwe na mipaka ya fedha, yaani mwaka ambao kila nchi iliipunguza au kuiacha. Uingereza: 92.5% hadi 1919, 50% kutoka 1920 hadi 1946, kisha hakuna. Marekani: senti 10, 25 na nusu dola ni 90% hadi 1964, za baadaye ukizitazama ukingoni utaona mstari wa shaba. Nusu dola za 1965–1970 zina 40%, watu huziruka. Uswisi: faranga 1 hadi 1967 ni fedha, gramu 5.0, kuanzia 1968 ni gramu 4.4, na hapo mizani inamaliza ubishi. Kanada ya 1968 ndiyo tamu kuliko zote: senti 10 na 25 za mwaka huo huo zilipigwa kwa fedha 50% na kwa nikeli tupu. Nikeli inanasa sumaku, fedha hainasi. Sekunde mbili umemaliza.

Lakini sumaku ni ya kukataa, si ya kukubali. Ikinasa kwenye inayodaiwa kuwa fedha, rudisha. Isiponasa hujajua kitu, maana shaba, shaba nyeupe na risasi nazo hazinasi.

Mpembuzi:
Mmenisogeza kidogo kwenye sinia, nakubali. Sasa kwenye kadi za dirisha: kuna wauzaji wanaoweka thaler (sarafu kubwa ya fedha) ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ya 1780 na kuipandisha bei kwa sababu ya mwaka. Na dola za biashara (trade dollar, nazo sarafu kubwa za fedha) za karne ya 19, je? Hizo si ndizo zinazoghushiwa zaidi?

Gramu28:
Thaler kwanza. Maria Theresa alifariki 1780, na tangu hapo sarafu hiyo imeendelea kupigwa ikiwa na tarehe hiyo hiyo: Vienna hadi leo, na kwa nyakati mbalimbali Roma, London, Paris, Bombay na Birmingham. 1780 peke yake haithibitishi umri. Isiyo na maelezo ya kiwanda na kipindi inunuliwe kwa bei inayokaribia fedha iliyomo: gramu 28.07 za fedha ya 833 kwa 1000, yaani kama gramu 23.4 za fedha safi. Itazame ukingoni pia, lazima kuwe na maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyoinuka. Halafu angalia juu ya kichwa. Nyingi zilitundikwa kama mapambo, na pete ikibanduliwa huacha alama ya lehemu ambayo kadi ya dirisha inaweza kuificha vizuri tu. Omba itolewe.

Dola ya biashara ya Marekani (1873–1885) inatakiwa kuwa gramu 27.22, upana milimita 38.1, fedha 90%. Bandia ya metali nyepesi ina njia mbili: iwe pungufu ya uzito, au uzito utimie kwa kuongezwa unene. Kwa hiyo pima vyote viwili, na uombe ruhusa kabla ya kugusisha kalipa (kifaa cha kupimia upana na unene). Mshono unaozunguka ukingo maana yake imemiminwa kwenye kalibu. Vitundu vidogo vya mviringo kwenye uwanja (sehemu tupu ya uso wa sarafu), hali kadhalika. Kipimo cha kuizamisha majini (fedha ya 90% ina msongamano wa takriban 10.3, kwa hiyo gramu 27.22 zisukume maji kama gramu 2.64) hakifanyiki mezani. Ndiyo maana risiti yenye jina la muuzaji na haki ya kurudisha iandikwe kabla hujalipa.

LeboNaDaraja:
Hapo ndipo kasha gumu linapojilipia, na mmelitupa mapema mno. Kwa zinazoghushiwa sana, ada ya kupimwa tayari imo kwenye bei na unaondoka bila wasiwasi. Kwa sarafu ya kawaida ya nikeli ya miaka ya 1970 ni upotevu, unanunua plastiki. Sharti: ingiza namba ya lebo kwenye tovuti ya kampuni ukiwa bado umesimama mezani, na ulinganishe picha kama ipo. Makasha bandia yapo, na namba yake inaweza kuwa halali ila ni ya sarafu nyingine. Neno "Details" kwenye lebo linamaanisha ni halisi lakini imeharibiwa, mara nyingi kwa kusuguliwa. Bei ishuke ipasavyo.

Bi Albamu:
Wanangu, mnazungumzia kununua kana kwamba sarafu ikifika nyumbani kazi imekwisha. Vijifuko laini vya plastiki vya maonyesho, hasa vyenye harufu ya pazia jipya la bafuni, vina PVC, aina ya plastiki inayodhuru sarafu. Baada ya muda huacha utando wa kijani unaonata, na ukichelewa unakula metali. Hamisha siku hiyo hiyo. Utando ukiwa mpya, zamisha sarafu kwenye asetoni safi (si ya kuondolea rangi ya kucha, ile ina manukato na mafuta) ndani ya chombo cha kioo, dirisha wazi, mbali na moto. Usisugue. Mimina, rudia na asetoni mpya, acha ikauke yenyewe. Zenye rangi iliyochapwa zisiguswe na asetoni.

Kadi za dirisha zina balaa lake: pini. Mikwaruzo mingi haitokani na matumizi, inatokana na mtu aliyepasua kadi kwa haraka. Nyoosha kila pini kwa koleo, ichomoe, ndipo ufungue. Kadi mpya ukishaibana, bana na miguu ya pini iwe bapa, isije ikakwaruza sarafu ya ukurasa unaofuata.

Tarakimu:
Umenena, mama. Niongeze onyo moja kwa Mpembuzi: kati ya hizo kadi, ruka sarafu za ukumbusho zenye majina ya nchi ndogo ambazo hazikuwahi kuingia mzungukoni. Zinang'aa, zina wanyama na meli, na kwenye mkusanyiko wa "zilizotumika" hazina nafasi. Kuziuza tena ni kazi.

Mpembuzi:
Basi nabadilisha mgawo: nusu moja moja, robo sinia, robo kwa kasha moja la sarafu inayoghushiwa. Kilo bado sifuri. Mpangilio wa saa?

LeboNaDaraja:
Saa ya kwanza moja moja, kwa sababu nzuri huondoka mapema. Orodha ya unazokosa iwe kwenye simu bila kutegemea intaneti. Numista, tovuti ya katalogi ya sarafu, inakuruhusu kuitoa kama jedwali. Andika namba ya meza na bei kabla ya kuhama meza. Sinia mchana, ukiwa umekaa, na ukishachagua ishirini au thelathini uliza bei ya pamoja. Wenye masinia hulegea jioni ya mwisho wanapofikiria kubeba mizigo. Mwenye kadi adimu halegei, atakuwa na maonyesho mengine.