Moto na ganzi miguuni: vidonge vya mseto, B12 peke yake au alfa-lipoiki?

mzee_wa_ndala
Wakuu, salaam. Nina sukari, huu mwaka wa 11, metformini nameza asubuhi na jioni. Ganzi ilianzia kwenye vidole. Sasa usiku nyayo zinawaka kama nimekanyaga majivu ya moto, hata shuka likigusa ni kero. Mchana sisikii kitu: juzi nimetoka kituoni hadi nyumbani, ndala ya kushoto imebaki njiani, mjukuu ndiye aliyeniuliza iko wapi. Famasi wamenitajia vitu vitatu: vidonge vya mseto wa vitamini B1, B6 na B12, B12 peke yake, na asidi ya alfa-lipoiki (kirutubisho cha ziada) ya 600 mg, chupa 85,000. Pensheni haitoshi vyote. Aliyetumia aseme.

bi_mkunde
Shikamoo baba. Mseto nimemeza miezi 8. Mwanzoni nilipata nafuu, ila ndio kipindi nilipoacha wali wa usiku, kwa hiyo sijui nishukuru kipi. Siku hizi ganzi imepanda mpaka kwenye vifundo.

nesi_wa_zamu
Shikamoo mzee. Kabla hujatoa hata mia, umewahi kupimwa B12? Metformini ya miaka mingi huzuia B12 isifyonzwe vizuri tumboni, na ikipungua inaleta ganzi hiyohiyo, watu wanasingizia sukari. Chama cha Kisukari cha Marekani kinashauri wanaoitumia muda mrefu wapimwe kila baada ya muda. Ukikutwa umepungukiwa, B12 ni tiba. Ukikutwa unayo ya kutosha, usitegemee makubwa. Na metformini usiiache kwa sababu ya maneno yangu.

Dada bi_mkunde, soma nyuma ya boksi. B6 ni miligramu ngapi?

bi_mkunde
Ngoja nilitoe kabatini... 200. Na mie nameza viwili kwa siku!

nesi_wa_zamu
Basi ni 400. B6 ikizidi kwa muda mrefu, yenyewe inaharibu neva za miguu. Kikomo cha mtu mzima Marekani ni 100 kwa siku, na Ulaya mwaka 2023 walishusha hadi 12. Nenda na hilo boksi kliniki wiki hii, wakupime upya. Anayemeza isoniazidi ya TB hupewa B6 kwa sababu dawa inaimaliza mwilini, lakini ni kama 25 tu.

pwani_kavu
Alfa-lipoiki mie naletewa na binamu yangu kutoka Muscat. Naimeza nusu saa kabla ya chai, na kichefuchefu chake si cha kusimuliwa. Miezi mitatu: moto umepungua kidogo, ganzi haikutikisika hata chembe. Halafu mara mbili sukari imeshuka nikatetemeka jasho linanitoka, ikabidi daktari aangalie dozi zangu upya.

daftari_la_dozi
Utafiti wa SYDNEY 2 wa mwaka 2006 uliona 600 mg kwa siku inapunguza maumivu ndani ya wiki 5, na waliopewa hadi 1,800 hawakupata nafuu zaidi, ila kichefuchefu ndicho kilichozidi. Lakini mapitio ya Cochrane ya 2024, yanayojumlisha tafiti nyingi, yanasema kufika miezi 6 tofauti na kidonge kisicho na dawa ndani ni ndogo au haipo. Kwa pesa yako mzee, mimi ningeiweka ya mwisho. Moto wa usiku una dawa zake za hospitali, amitriptilini kwa mfano, tena bei ndogo. Uliza kama moyo wako unairuhusu.

kijana_wa_mlonge
Na unga wa mlonge je?

daftari_la_dozi
Kama mboga, karibu. Kwa neva sijaona cha kuushika.

mzee_wa_ndala
Jirani kanishauri niloweke miguu kwenye maji moto ya chumvi.

fundi_mguu_mmoja
Mzee wangu, usithubutu! Mimi niliweka miguu kwenye beseni naangalia taarifa ya habari, nasikia raha tu. Mke wangu akaja kuchovya mkono akapiga kelele. Ngozi ya nyayo ilitoka na taulo. Kidonda kile kilikula miezi 7 na dole gumba. Maji pima kwa kiwiko, au mpe mwenye miguu mizima akupimie. Viatu vikung'ute kila asubuhi kabla hujavaa, na usiku mwambie mjukuu akumulike nyayo kwa tochi ya simu.

mzee_wa_ndala
Nimerudi wakuu. B12 imetoka 148, karatasi inasema mwanzo wa kawaida ni 200. Nimeanza sindano, daktari kasema nisihesabu siku, neva hupona polepole na nyingine hazirudi. Alfa-lipoiki nimeiacha dukani. Ile 85,000 nimenunua viatu vya kufunga, na chenji imenunua dagaa.

bi_mkunde
Mimi kliniki ni Alhamisi. Boksi lipo kwenye mkoba.