Tupeane uzoefu: bosi anayedhalilisha watu hadharani anaifanya nini ofisi?

Mwana wa Ujiji
Ndugu zangu wa Kigoma na Tabora, salaam. Nataka tusimuliane yaliyotukuta kazini chini ya viongozi wenye mdomo mbaya. Majina ya watu na kampuni tuyaache.

Naanza mimi. Nilikuwa kwenye ghala la dagaa hapa Kigoma mjini. Mkuu wetu alikuwa mchapakazi kweli, na wizi hakuwa nao. Ila kijana akikosea mzani, anaitwa mbele ya madereva na akina mama waliotoka Kibirizi na mzigo, anaambiwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Taratibu watu wakaacha kutoa taarifa. Masika bati likaanza kuvuja juu ya magunia. Walioliona walikuwa zaidi ya mmoja, na wote wakanyamaza, maana anayeleta habari mbaya ndiye anayeulizwa "ulikuwa wapi?" Dagaa wakaota ukungu, mzigo ukamwagwa. Bosi akatuita wazembe, na naamini hadi leo hajui kwamba kilichomwagisha ule mzigo ni woga aliotutia yeye mwenyewe.

Nesi wa Buha
Hili linaniuma. Nilikuwa kituo kimoja cha afya, wilaya ya Kasulu. Jokofu la chanjo linatakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na tunaandika asubuhi na jioni. Nilipofika nikafungua daftari: 5, 5, 5, ukurasa hadi ukurasa, hata siku ambazo umeme ulikatika usiku kucha! Nikaambiwa pembeni kwamba aliyewahi kuandika 11 alisimamishwa kwenye kikao cha asubuhi akaitwa mwuaji wa watoto mbele ya wahudumu wote. Tangu siku hiyo kila mtu anaandika 5.

Alipokuja mganga mfawidhi mwingine, alituambia anataka namba ya kweli hata ikiwa mbaya, na ikizidi 8 apigiwe simu saa yoyote. Siku ya kwanza kupigiwa alikuja mwenyewe na pikipiki, akasaidia kuhamisha chanjo, hakumuuliza mtu swali la kumkomoa. Baada ya hapo daftari likaanza kuwa na 4, 7, 9. Watoto wa watu wanachomwa dawa ile, jamani.

Ghala la Urambo
Mimi naona mnawaonea viongozi. Msimu wa tumbaku marobota yanamiminika, ukibembeleza watu kazi haiendi. Bosi wangu ni mkali na mishahara inatoka kwa wakati.

Mwana wa Ujiji
Mkuu, ukali siupingi hata kidogo. Swali langu ni moja: robota likilowa leo, kijana wako anamwambia nani kwanza, bosi au wenzake?

Ghala la Urambo
Wenzake. Sawa, hapo nimekuelewa.

Mzee wa Reli, Tabora
Vijana wangu, mambo haya si mageni. Mwaka 1971 TANU, chama tawala wakati ule, ilitoa waraka ulioitwa Mwongozo, na ibara ya 15 ilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, kudharau watu na kuwaonea. Wafanyakazi wa viwandani, hasa Dar es Salaam, waliishika ibara hiyo wakawakataa mameneja wenye matusi, hata kazi zikasimama. Hawakuwa wanadai mshahara tu, walidai heshima.

Fundi mkuu aliyenilea karakana hakuwa mpole. Kosa la breki kwake halikuwa na msamaha, kwa sababu behewa linabeba watu. Lakini alikuita pembeni, akakuonyesha kosa kwa mkono wake, mkirudi kwa wenzenu hakuna anayejua mmezungumza nini. Tulimwogopa kukosea, hatukumwogopa yeye.

Mwakilishi wa Tawi
Shikamoo mzee. Niongeze upande wa sheria, maana wengi wanaacha kazi kwa hasira wanapoteza haki. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwajiri akifanya kazi isivumilike hadi ukajiuzulu, hilo linaweza kuhesabiwa kuwa amekuachisha. Unalipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Ila lazima uthibitishe, kwa hiyo weka daftari nyumbani: tarehe, maneno yenyewe, nani alikuwepo. Ujumbe wa WhatsApp usiufute hata kama unakuumiza kuusoma. Kwa watumishi wa umma kama Nesi njia ni nyingine, inaanzia kwa mamlaka ya nidhamu na rufaa inaweza kufika Tume ya Utumishi wa Umma.

Mama Kaliua
Nimesoma yote nikilia. Niko kampuni binafsi, nilikataa kutukanwa mbele ya wateja, jioni hii nimepewa barua ya kuitwa kikao cha nidhamu kesho saa nne.

Mwakilishi wa Tawi
Pole sana dada. Muda huo hautoshi, mwongozo wa nidhamu unataka upewe angalau saa 48 za kujiandaa. Andika barua usiku huu, omba kikao kisogezwe, taja kwamba utakuja na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kama wewe ni mwanachama. Kesho wahi, ipeleke mapokezi, nakala yako igongwe muhuri. Nitumie ujumbe faraghani tuiandike pamoja.