Ushauri: Nimekwama katikati ya kitabu kinene, niendelee au nichukue kilichofupishwa?

Mgeni Njiani: Wakuu, habari za jioni. Nasoma The Count of Monte Cristo cha Alexandre Dumas, toleo kamili, kurasa zaidi ya 1,000. Dantès, mhusika mkuu, alipokuwa gerezani Château d'If nilikuwa silali. Katoroka, katajirika, ghafla tuko Roma na vijana wawili wa Kifaransa wanaohangaika kupata gari la farasi la kwendea karnivali! Shemeji ananicheka, eti filamu inamaliza yote kwa saa mbili. Mnaopenda mavitabu marefu mnafuata nini humo?

Fundi Redio: Achana nacho mkuu. Maisha mafupi, marejesho ya mkopo marefu. Chukua kifupi.

Binti Pangani: Usimsikilize huyo 😂 Hadithi hiyo ilitoka kwanza gazetini, Journal des Débats, vipande vipande kuanzia 1844 hadi 1846. Watu wa Paris walikuwa wanasubiri kipande kinachofuata. Ina sura 117, wewe soma moja moja kabla ya kulala. Na hao vijana usiwadharau, mmoja anaitwa Albert de Morcerf. Rudi pale Caderousse, yule jirani wa zamani wa Dantès, anapomsimulia padri, utafute jina la Albert. Nanyamaza.

Mzee wa Kurasa: Binti kakuonyesha utamu wenyewe. Jina linapita kimyakimya, unalisahau, linakuja kukukaba mbele. Halafu Dantès kafungwa miaka 14. Filamu inambandika ndevu, basi. Kitabuni unakaa naye humo hadi na wewe unaanza kuwadai wale waliomsaliti. Kisasi chake anakipika taratibu. Ukifupisha anabaki mtu mwenye hasira na hela tu. Ila nisiwe mnafiki, si kila unene una faida. Kuna vitabu narukaga hotuba za mwandishi bila aibu. Na ukija kwa Tolstoy, War and Peace, weka karatasi ya majina pembeni, maana mtu mmoja anaitwa kwa majina matatu.

Mgeni Njiani: Nimerudi kwa Caderousse. Aisee! Kumbe ni mtoto wa YULE?

Binti Pangani: Haya, Roma inakusubiri.

Fundi Redio: Nauliza tu... hicho kwenye simu kinapatikana?

Binti Pangani: Project Gutenberg, maktaba ya vitabu mtandaoni, bure kabisa. Dumas alifariki 1870, hakimiliki ilishaisha.