Kitosani yenye galaktosi inaingia kwenye seli za ini ila jeni haifanyi kazi, naombeni ushauri

Maganda_ya_Kamba: Habari wakuu. Niko masters, natengeneza kibebeo cha jeni kisichotumia virusi. Kibebeo chenyewe ni kitosani, polima yenye chaji chanya inayoshika DNA; nimeitoa mwenyewe kwenye maganda ya kamba, nikaibandika asidi ya laktobioniki ili galaktosi yake ishikwe na vipokezi vya seli za ini. Plasmidi (duara la DNA) yenye jeni ya GFP, protini inayong'aa kijani, nimeitia rangi na naiona kwenye hadubini: HepG2, seli zangu za ini, zimejaa tele. Lakini baada ya saa 48 seli zinazong'aa kijani ni za kuhesabu kwa vidole. PEI ya kDa 25, polima ninayolinganishia, inang'arisha vizuri, ila inaniulia seli. Supavaiza anasema niongeze galaktosi. Niongeze?

Hepa: Usiguse kwanza. Kila galaktosi inakula amini moja ya kitosani (kikundi kinachobeba chaji chanya), na amini ndizo zinazoishika DNA. Umebandika kiasi gani?

Maganda_ya_Kamba: Kama asilimia 20 ya amini.

Hepa: Basi tatizo si galaktosi. Nahisi mzigo umeingia ndani ukafungiwa stoo. Seli ikimeza chembe huiweka kwenye endosomu (kifuko cha ndani ya seli), na isipotoka mapema inaishia kwenye lisosomu, kifuko cha kumeng'enya, na kusagwa. Kitosani ni dhaifu hapo. Watu huibandika asidi ya urokaniki, ina imidazoli, kikundi kinachofyonza protoni humo ndani ili endosomu ipasuke. Kabla ya kuhangaika na kemia, tia klorokwini kidogo kwenye seli (ndiyo, ile ya malaria iliyokuwa ikituwasha utotoni), nayo huusaidia mzigo kutoka endosomu. Kijani ikiongezeka, umejua ilipokwama.

Mama_Maabara: Mimi nina shaka hata na huko kuingia, mdogo wangu. Chembe yenye chaji chanya hunata kwenye seli yoyote. Umeweka HeLa (seli za saratani ya shingo ya kizazi) pembeni? Hazina kipokezi cha galaktosi. Na HepG2 nyingine zipe galaktosi tupu kwanza, uone kama chembe zitapungua. Midia yako (maji ya kulishia seli) pH ngapi?

Maganda_ya_Kamba: 7.4, na seramu ndani. HeLa sijaweka 🙈

Mama_Maabara: Kwa 7.4 amini nyingi za kitosani zimeshapoteza chaji, chembe zinagandana. Jaribu 6.8 bila seramu kwa saa 4, halafu rudisha midia ya kawaida.

Pweza_Nazi: Sisi tuliodhani ni uzi wa mapishi ya kamba tunaondoka taratibu.

Maganda_ya_Kamba: 😂 Asanteni. HeLa nitaazima maabara ya jirani. Supavaiza namwambiaje?

Hepa: Usimwambie kitu. Mpelekee picha mbili, yenye klorokwini na isiyo nayo.